Umakini uliopotea baada ya kuumia kichwa unaweza kutibiwa

MAJERUHI wa kichwa anaweza kuruhusiwa kutoka hospitalini akiwa anatembea, anaongea na kuwatambua ndugu zake wote. Lakini akirudi dukani hukosea chenji, husahau sufuria jikoni, na redio ikilia hushindwa kufuatilia mazungumzo. Jamaa humwona mzembe, kumbe ni ubongo uliojeruhiwa.

Kichwa kinapopigwa kwa nguvu, kama katika ajali ya pikipiki, ubongo hutikisika ndani ya fuvu na nyuzi zinazounganisha sehemu zake huweza kuvutika na kukatika. Sehemu ya mbele, ambayo husimamia umakini na mipango, huumia kwa urahisi.

Tiba huanza kwa kutafuta yanayozidisha tatizo: kukosa usingizi, maumivu, sonona, pombe, au dawa zinazoleta usingizi. Yakishughulikiwa, baadhi ya wagonjwa hupata nafuu mapema.

Kinachofuata ni mazoezi. Mwongozo wa kimataifa wa INCOG, uliotolewa mwaka 2014 na kupitiwa upya mwaka 2023, unahimiza kumfundisha mgonjwa mbinu za kujisimamia katika shughuli zake halisi. Hujifunza kugawa kazi katika hatua fupi, kumwomba mzungumzaji apunguze kasi, na kusimama kila mara kujiuliza: "Nafanya nini sasa? Kinachofuata ni nini?"

Mwongozo huo hauungi mkono kutegemea mazoezi ya kompyuta peke yake. Mgonjwa anaweza kuwa hodari katika zoezi lenyewe, lakini akaendelea kukosea chenji dukani.

Ipo pia dawa iitwayo methilifenideti, ambayo huweza kuongeza umakini na kasi ya kufikiri. Hata hivyo, huweza kupandisha shinikizo la damu, kuongeza mapigo ya moyo na kupunguza hamu ya kula, hivyo hutolewa kwa uamuzi wa daktari tu.

Nyumbani, familia izime redio wakati wa mazungumzo, imwachie mgonjwa kazi moja kwa wakati mmoja na kumpa muda wa kupumzika. Asiendeshe gari wala pikipiki kabla daktari hajamruhusu. Akipata degedege, akitapika mfululizo au maumivu ya kichwa yakizidi, awahishwe hospitalini.

Nafuu huchukua miezi, pengine miaka. Lawama haziiharakishi, humfanya mgonjwa afiche makosa ambayo mtaalamu alipaswa kuyajua.