Mguu wa Minner: biashara ya kubashiri mapambano ya UFC

Rami Genauer alipoanza kuhesabu mapigo mwaka 2007, UFC, ligi ya mapigano mchanganyiko ndani ya kizimba, ilikuwa na umri wa karibu miaka 14, na bado rekodi ya mpiganaji ilisema mambo matatu tu: alishinda au alishindwa, kwa njia gani, raundi ya ngapi. Aliyepigwa dakika kumi na nne kisha akaokolewa na ngumi moja, na aliyetawala tangu mwanzo hadi mwisho, waliandikwa sawasawa. Genauer akaketi na mapambano yaliyorekodiwa, akiyasimamisha na kuyarudisha nyuma, akihesabu kila ngumi, kila teke, kila jaribio la kumwangusha mpinzani. Subira hiyo ilizaa kampuni ya FightMetric, iliyokuja kuwa mtunza takwimu rasmi wa UFC. Malighafi ya biashara ninayoieleza hapa ilianzia pale.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni pigo la maana. Hilo ni pigo lolote lililofika wapiganaji wakiwa wameachana, pamoja na mapigo mazito wakiwa wameshikana au wako chini. Vipigo vidogo vya kusumbua tu havimo. Huongezwa idadi ya maangusho, asilimia ya majaribio ya kuangushwa ambayo mpiganaji ameyazuia, na muda aliomdhibiti mwenzake. Januari 2021, Abu Dhabi, Max Holloway alirusha mapigo ya maana 744 dhidi ya Calvin Kattar na 445 yakafika, rekodi ya UFC. Hata asiyeliona pambano lile anapata picha yake: mapigo karibu 18 kila dakika, kwa dakika 25.

Namba hizo zisingekuwa na soko bila fedha kuingia kizimbani. Mwaka 2001 ndugu Fertitta na Dana White waliichukua UFC kwa dola milioni 2. Mwaka 2016 iliuzwa kwa takriban dola bilioni 4. Agosti 2025 Paramount ilitangaza mkataba wa miaka saba wa haki za matangazo Marekani wenye thamani ya dola bilioni 7.7. Katikati ya safari hiyo, Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria iliyokuwa imezuia majimbo mengi kuruhusu kubeti michezo, na soko ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kama mali ya Nevada likafunguka. Mwaka 2021 DraftKings ikawa mshirika rasmi wa UFC wa kubeti. Tangu hapo odi huonekana kwenye kioo cha televisheni pamoja na urefu na uzito wa mpiganaji, kana kwamba nazo ni sehemu ya mwili wake.

Odi zenyewe ni bei, na bei ina faida ya muuzaji ndani yake. Tuseme mmoja amepewa 1.50 na mwenzake 2.70. Gawanya 1 kwa kila moja: unapata asilimia 66.7 na asilimia 37. Jumla ni 103.7, ilhali uwezekano wote duniani ni 100. Hiyo 3.7 ya ziada ndiyo riziki ya kampuni. Bei ya kwanza hutolewa na kampuni chache, siku au wiki kadhaa kabla, zikipokea madau madogo. Wajuzi huingia mapema wakitafuta kosa. Kampuni hutazama nani ameweka wapi, husogeza odi, na nyingine huiga. Kufikia usiku wa pambano bei imekwisha kunyonya karibu kila kinachojulikana. Ndiyo maana mbashiri makini hajipimi kwa mikeka iliyotiki wiki hii. Hujiuliza kama alinunua kwa bei nzuri kuliko ile ya mwisho, na kama mambo aliyoyapa asilimia 70 hutokea kweli mara saba kati ya kumi. Mwenye kuuza ubashiri wa uhakika hawezi kukujibu swali hilo la pili, na hapo ndipo pa kumtambulia.

Ugumu mkubwa ni kwamba takwimu za mchezo huu ni chache mno. Timu ya Ligi Kuu ya Uingereza hucheza mechi 38 kwa msimu. Mpiganaji wa UFC hupanda kizimbani mara mbili au tatu kwa mwaka, na pambano moja linaweza kuisha kabla hujaketi. Conor McGregor alimzimisha José Aldo Desemba 2015 kwa sekunde 13. Ukitaka kupima chochote kutoka sekunde 13, unapima bahati na ustadi vikiwa vimekorogwa pamoja. Tena asilimia hazisemi zilipatikana dhidi ya nani. Justin Gaethje alikuwa mwanamieleka hodari chuoni, na takwimu zake za kuzuia kuangushwa zilipendeza macho, lakini wapinzani wake wengi walisimama wakapigana naye ngumi na mateke, kwa hiyo ukuta wake ulikuwa haujajaribiwa sana. Oktoba 2020 alikutana na Khabib Nurmagomedov, mtu aliyewahi kumwangusha Abel Trujillo mara 21 katika pambano moja. Ukuta ukaanguka, na katika raundi ya pili Gaethje akakabwa kwa miguu mpaka akapoteza fahamu.

Hapo ndipo mitindo inapoingia, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Wanahesabu wengi huanza na mbinu ya Arpad Elo, iliyobuniwa kwa ajili ya sataranji: kila mchezaji ana alama, akimshinda mkubwa anapanda sana, akimshinda mdogo anapanda kidogo. Elo hudhani ubora ni ngazi moja. Sasa tazama uzito wa kati. Julai 2022 Alex Pereira alimzimisha Sean Strickland katika raundi ya kwanza. Aprili 2023 Israel Adesanya, mzaliwa wa Lagos, alimzimisha Pereira katika raundi ya pili. Septemba mwaka huohuo, mjini Sydney, Strickland akamshinda Adesanya kwa pointi za majaji wote watatu na kuchukua mkanda. Huyu anamshinda yule, yule anamshinda wa tatu, na wa tatu anamgeukia wa kwanza. Hakuna ngazi unayoweza kuwapanga watu hawa bila mmoja kuning'inia hewani.

Mtu anayejua mapigano anaweza kueleza. Strickland husonga mbele akiwa wima, hujikinga kwa mkono wa mbele na hupiga ngumi nyingi za moja kwa moja. Adesanya, anayeishi kwa kumvuta mpinzani akosee kisha kumwadhibu, hakupata makosa ya kuadhibu. Mbele ya ngumi ya kushoto ya Pereira, wima uleule ulikuwa shabaha. Lakini kueleza baada ya tukio ni kazi rahisi. Kazi inayolipa ni kuugeuza ujuzi huo kuwa namba kabla ya tukio: kumpa kila mpiganaji alama kadhaa, za kusimama, za kushikana, za chini, za pumzi, kisha kukadiria pambano litapiganiwa wapi kwa sehemu kubwa. Programu zinazofanya hivyo husaidia, ila kila sifa unayoiongeza inazigawa takwimu zilezile chache katika mafungu madogo zaidi. Ndiyo maana katika mchezo huu mtazamaji mzuri bado anasikilizwa kuliko ilivyo kwa michezo mingine mingi.

Na hata ukipatia yote, kuna teke. Tarehe 20 Agosti 2022, Salt Lake City, Kamaru Usman aliingia raundi ya tano dhidi ya Leon Edwards akiongoza 39–37 kwenye karatasi za majaji wote watatu. Zilikuwa zimebaki sekunde 56. Edwards akatisha kwa mkono, akarusha guu la kushoto, na bingwa aliyekuwa hajawahi kupoteza pambano ndani ya UFC akalala chali. Aliyempa Usman asilimia 97 dakika moja kabla hakukosea. Hizo asilimia tatu ndizo zilizotokea.

Kinachonisumbua zaidi ni taarifa zisizofika kwenye takwimu yoyote. Goti linalouma, mafua ya wiki ya mwisho, ugomvi na kocha: haya wanayajua watu kumi ndani ya chumba cha mazoezi, na kwa soko yana thamani kuliko mapigo yote aliyoyahesabu Genauer. Katikati ya Oktoba 2022 UFC iliwakataza wapiganaji, makocha na watu wa nyumbani kwao kubeti mapambano yake. Tarehe 5 Novemba, Las Vegas, Darrick Minner alikutana na Shayilan Nuerdanbieke. Saa chache kabla, fedha nyingi zilielekea kwenye ushindi wa Nuerdanbieke, tena wa raundi ya kwanza. Minner akarusha teke la kushoto, akaonyesha maumivu, akarusha tena kwa mguu uleule, na baada ya dakika moja na sekunde saba pambano likaisha. Katika uchunguzi uliofuata, tume ya michezo ya mapigano ya Nevada ilimsimamisha yeye na kocha wake, James Krause, ambaye hadharani alijulikana pia kwa kubeti na kwa kuuza ubashiri mtandaoni. New Jersey ilisimamisha kamari kwa mapambano yanayomhusu Krause. Majimbo ya Ontario na Alberta nchini Kanada yalisitisha kubeti UFC yote kwa muda.

Huku kwetu, kampuni za kubeti za Dar es Salaam na Nairobi nazo huyaweka mapambano hayo kwenye orodha, na wateja huyatia kwenye mkeka pamoja na mpira. Hesabu ya mkeka, unaolipa tu chaguzi zote zikitimia, ni kali. Ukichagua upande mmoja wa mapambano yenye nafasi sawa, odi 1.91 kwa 1.91, kila shilingi 1,000 kwa wastani inarudi 955. Unganisha matano, kampuni inakata faida yake mara tano: wastani wa kurudi ni shilingi 794. Unganisha kumi, ni 631. Na hapo tumempa mteja bei ya kawaida na taarifa sawa na za wengine, jambo ambalo usiku wa Minner hakuwa nalo.

Kuna saa moja tu katika wiki ambapo wote tunaona kitu kimoja kwa wakati mmoja: upimaji wa uzito. Ijumaa asubuhi ya Las Vegas, kwetu ikiwa usiku, mpiganaji hupanda mizani akiwa amejikausha maji mwilini. Mashavu yaliyobonyea, miguu inayotetemeka, taulo linaloinuliwa kumsitiri anayevua kila kitu ili apunguze gramu chache. Mwenye simu Tandika, Dar es Salaam, anaviona sekunde ileile anapoviona mwenye kompyuta kumi Nevada. Odi huanza kusogea kabla mpiganaji hajashuka.