Utengenezaji wa kofia za maleba

Utengenezaji wa kofia za maleba ni ufundi wa kuumba na kushona kofia, vilemba, mataji, helmeti na mapambo mengine ya kichwani yanayovaliwa jukwaani na waigizaji, waimbaji na wachezaji dansi. Ni tawi la ushonaji wa maleba, yaani mavazi ya maigizo. Hata hivyo, katika kumbi kubwa za Ulaya na Marekani mara nyingi huwa na karakana yake na mafundi wake, kwa sababu kofia haikatwi na kushonwa kama shati. Kofia nyingi huumbwa kwanza kwa maji, mvuke na joto juu ya kibao, ndipo sindano inapofuata.

Kibao hicho ni ndugu wa faruma inayojulikana katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambayo kofia ya viua huvalishwa baada ya kufuliwa ili isiruke. Faruma za fundi wa maleba hufanya kazi ileile kwa upana zaidi: kuna za sehemu ya juu ya kofia, kuna za ukingo, na kuna zilizochongwa kwa mitindo ya zama fulani. Karakana yenye faruma nyingi za zamani ina hazina, kwani kuchonga mpya ni ghali.

Tofauti na kofia za kawaida

Kofia ya mtaani hutazamwa kwa umbali wa hatua moja au mbili. Ya jukwaani hutazamwa na mtu aliyeketi safu ya mbele na pia na yule aliye kwenye roshani ya juu kabisa. Mshono mdogo wa kupendeza haufiki huko. Kinachofika ni umbo na rangi. Kwa hiyo mwanafunzi huzoezwa kuiweka kazi yake upande mmoja wa chumba na kuitazama kutoka upande wa pili kabla ya kuongeza pambo lolote.

Tatizo kubwa zaidi ni taa. Taa nyingi za jukwaani hutoka juu, na ukingo mpana hutupa kivuli juu ya macho ya mwigizaji. Fundi anaweza kuupunguza ukingo upande wa mbele, kuuinua kidogo, au kuitengeneza kofia ikae nyuma zaidi kichwani kuliko ilivyovaliwa katika historia. Hapo usahihi wa historia hushindwa na uso wa mwigizaji, na kwa haki: mtazamaji hakuja kuangalia kofia.

Kila aina ya onyesho ina madai yake. Mwimbaji wa opera hapaswi kuzibwa masikio, maana lazima aisikie orkestra. Mchezaji dansi anahitaji kofia nyepesi isiyoruka anapozunguka, hivyo hufungwa kwa lastiki, vichana vidogo au pini zinazoshika nywele au wigi. Katika tamthilia za muziki kipaza sauti kidogo mara nyingi hufichwa kwenye mstari wa nywele, na kofia isipoachiwa nafasi hapo itakwaruza kila mwigizaji anapogeuza kichwa. Tena kuna mabadiliko ya haraka ya mavazi nyuma ya pazia, ambapo kofia lazima ivalike gizani kwa sekunde chache bila kioo.

Onyesho la Broadway kwa kawaida huchezwa mara 8 kwa wiki. Jasho la wiki moja tu huweza kuharibu kofia nzuri. Ndiyo maana utepe wa ndani, ambao ndio hasa unaoshika kipimo cha kichwa, hushonwa kwa mkono ili uweze kutolewa na kubadilishwa.

Mfano wa The Lion King

Mfano unaojulikana sana ni tamthilia ya muziki The Lion King, iliyofunguliwa Broadway mwaka 1997. Wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa majina kama Simba na Rafiki. Mwongozaji wake, Julie Taymor, ndiye pia aliyebuni mavazi, na vinyago alivibuni pamoja na Michael Curry. Badala ya kuwafunika waigizaji nyuso, vinyago vya Mufasa na Scar vilikaa juu ya vichwa vyao, hivyo mtazamaji aliona mnyama na mtu kwa wakati mmoja. Vilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni, nyenzo nyepesi sana, ijapokuwa kwa macho vinafanana na mbao zilizochongwa. Kinyago cha Scar kina mtambo wa kukisogeza, kikashuka mbele ya uso anapojiinamisha kwa shari. Mwaka 1998 Taymor alipata Tuzo za Tony mbili, ya uongozaji na ya mavazi.

Vipimo

Somo la kwanza ni kupima. Utepe wa kupimia huzungushwa kichwani juu kidogo ya nyusi na kupita kwenye uvimbe wa kisogo. Vichwa vingi vya watu wazima huwa kati ya sentimita 54 na 60. Kisha hupimwa kutoka paji la uso hadi kisogoni kwa juu, na kutoka sikio hadi sikio. Ikiwa mwigizaji atavaa wigi, vipimo huchukuliwa akiwa amelivaa. Wanaoanza hulisahau jambo hili, na kofia iliyochukua siku tatu hugoma kuingia kichwani siku ya mazoezi ya mavazi.

Nyenzo na hatua za kazi

Felti ni nyenzo ya kwanza kwa wanafunzi wengi. Si kitambaa cha kufumwa, bali ni sufu au manyoya ya wanyama, kama sungura, yaliyoshindiliwa kwa unyevu, joto na msuguano hadi yakashikana. Hununuliwa ikiwa na umbo la kengele. Mwanafunzi huifukiza kwa mvuke mpaka ilainike, huivuta juu ya faruma kwa mikono miwili, huifunga kwa kamba pale sehemu ya juu inapokutana na ukingo, kisha huiacha ikauke, mara nyingi usiku kucha. Kuvuta huku hakufundishiki kwa maneno. Ukivuta kidogo, makunyanzi yanabaki. Ukivuta mno, felti inakuwa nyembamba au inachanika.

Nyenzo ya pili, na pengine muhimu zaidi jukwaani, ni bakaramu: kitambaa cha pamba au kitani kilichokazwa kwa wanga au gundi. Kikilowa hulegea na kufuata umbo la faruma; kikikauka hushika umbo hilo. Kingo zake huimarishwa kwa waya, ambao ncha zake hupishanishwa kwa sentimita kadhaa upande wa nyuma. Baadaye hufunikwa kwa kitambaa kilichokatwa kwa mshazari ili kivutike bila kukunjamana. Kofia nyingi za zama za kale zinazoonekana nzito jukwaani ni bakaramu tupu kwa ndani.

Kofia za majani hushonwa kwa kuzungusha utepe uliosukwa, kuanzia katikati ya utosi na kushuka hadi ukingoni. Anayejua kazi ya ukili, unaosukwa kwa miyaa na kuunganishwa kuwa mkeka, ataitambua njia hii mara moja. Siku hizi zimeongezeka plastiki zinazolainika kwa joto, zinazofaa kwa helmeti na mataji. Shaba halisi humchosha mvaaji shingo kabla ya kitendo cha pili.

Hatari kwa afya

Ufundi wa kofia una historia ya sumu. Kuanzia karne ya 18 hadi ya 20, manyoya ya kutengenezea felti yalipakwa nitrati ya zebaki ili yashikane vizuri. Mvuke wake uliwapata mafundi: walitetemeka mikono, wakapoteza meno, wakabadilika tabia, wakawa waoga na wenye hasira. Mjini Danbury, katika jimbo la Connecticut, Marekani, uliokuwa kitovu cha kofia, hali hiyo iliitwa mitetemeko ya Danbury. Matumizi ya zebaki katika felti nchini Marekani yalikoma mwaka 1941.

Jambo hili si la historia pekee. Stoo za kumbi za maigizo hupokea kofia kuukuu kama zawadi, na felti ya manyoya ya wakati ule huweza kuwa bado na zebaki ndani yake. Kofia ya namna hiyo haipaswi kufukizwa mvuke wala kuvalishwa mwigizaji. Huhifadhiwa ndani ya mfuko uliofungwa na kutumiwa kama kielelezo cha kutazama tu. Gundi, rangi za kupuliza na dawa za kukazia felti nazo hutaka dirisha wazi au feni ya kutoa hewa, pamoja na barakoa inayofaa.

Manyoya ya ndege yana habari yake. Nchini Uingereza chama cha kulinda ndege kilianzishwa mwaka 1889 na wanawake waliopinga kuuawa kwa ndege wa porini kwa ajili ya kofia. Karakana za sasa hutegemea zaidi manyoya ya mbuni, jogoo na bata mzinga, yaliyotiwa rangi.

Mahali pa kujifunzia

Nchini Ujerumani utengenezaji wa kofia ni fani rasmi ya uanagenzi wa miaka 3, unaochanganya karakana na shule, na baadhi ya kumbi za maigizo hupokea wanagenzi. Ufaransa ina cheti cha ufundi cha watengenezaji kofia. Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, hutoa shahada ya uzamili ya utengenezaji wa maleba, na wanafunzi wake hufanya kazi katika maonyesho ya PlayMakers Repertory Company. Nchini Uingereza wengi husomea maleba kwanza, kisha huingia karakanani kama wasaidizi. Royal Shakespeare Company, mjini Stratford-upon-Avon, ina karakana zake za mavazi zinazotengeneza kofia pia.

Msaidizi mpya kwa kawaida hapewi kofia ya mhusika mkuu. Huanza kwa kubadilisha tepe zilizolowa jasho, kunyoosha waya zilizopinda na kurudisha umbo la kofia zilizokaliwa. Kwa kazi hiyo hujifunza kofia huchakaa wapi, na hivyo ni wapi pa kuimarisha atakapoumba yake.