Homa ya Mapafu Itokayo Juu ya Paa

Ukiingia katika hoteli kubwa ya Mombasa ukapokewa na ubaridi, huenda hewa hiyo imepozwa kwa maji. Mtambo huyapoza hadi nyuzi 6 au 7, kisha yakazungushwa kwa mabomba kila orofa. Hayo yamefungiwa, hayana neno. Ya kuangaliwa ni yale mengine, yanayobeba joto la mtambo hadi kwenye mnara wa kupozea juu ya paa. Huko hunyunyizwa, feni ikavuta hewa, na matone madogo yakapeperuka hadi barabarani. Ni maji ya uvuguvugu. Yasipotiwa dawa, bakteria iitwayo lejionela huzaana humo. Mwaka wa 2015, mnara wa hoteli moja huko South Bronx, New York, uliwaambukiza watu 138, wakiwemo wakazi ambao hawakulala hotelini humo. Watu 16 walifariki.

Wewe unayepanda kuusugua mnara huo, hakikisha feni imezimwa, na umdai tajiri wako barakoa ya kuchuja; leso puani haitoshi. Ukishikwa na homa, kikohozi na kukosa pumzi ndani ya wiki mbili, nenda hospitali, umweleze daktari kazi yako. Asipojua, huenda akakupa penisilini, nayo haiiwezi bakteria hii.