Keria Inayogonga

Motari wa Goma husikia ubovu wa pikipiki yake kabla ya kuuona. Akiacha lami na kuingia mtaa wa mawe ya volkano, keria ya nyuma huanza: kata-kata-kata. Wengi huchukua spana wakakaza nati mpaka kiganja kiume, na siku ya tatu sauti imerudi. Kasoro haiko kwenye nguvu za mkono.

Mawe hayo ni ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata katikati ya mji hadi ikaingia Ziwa Kivu, na watu wakajenga upya papo hapo, juu yake. Kila jiwe hupiga gurudumu, pigo likapanda kwenye fremu. Injini ya silinda moja nayo ina mtikisiko wake: ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pistoni hupanda na kushuka mara 50 kila sekunde. Mitikisiko yote miwili huishia kwenye keria.

Keria ya kuchomoa ina udhaifu wa ziada. Ili iingie na kutoka bila nyundo, lazima pabaki upenyo kati ya pini na kulabu. Hata usipofika milimita moja, chuma hupata nafasi ya kwenda, kugonga na kurudi.

Bolti iliyokazwa hurefuka kidogo sana, kama springi, na mvuto huo ndio unaobana vipande visiteleze. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba adui mkubwa wa bolti ni mtikisiko wa ubavuni. Vipande vikianza kuteleza huku na huku, msuguano kwenye meno ya bolti hushindwa kuishika nati, nayo hujifungua yenyewe. Ndiyo maana kukaza bila kuziba upenyo ni kazi ya siku tatu.

Basi anza kwa kutafuta upenyo. Washa injini, iache ingurume taratibu, kisha bonyeza viungo vya keria kimoja kimoja kwa kiganja, mbali na ekzosi. Sauti ikinyamaza, hapo ndipo penye ugonjwa. Zima, chomoa keria, futa vumbi jeusi. Utakuta mahali palipong'aa kwa kusuguana, au unga wa rangi ya kutu: hicho ni chuma kilichosagwa.

Dawa ni kipande cha tyubu kuukuu. Ivishe pini kipande hicho mpaka kulabu iingie kwa kusukumwa. Mafundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, wanaijua siri hii: gurudumu lao la mbao hulivisha mpira wa tairi, mbao na jiwe visikutane. Lakini usiweke mpira chini ya nati inayobeba uzito. Mpira hunywea siku hata siku, na bolti hupoteza mvuto wake. Hapo chuma kikae juu ya chuma, na nati iwe mpya, yenye pete ya nailoni ndani. Usikaze kupita kiasi. Meno yakiliwa, bolti hiyo haishiki tena.

Mwisho, piga mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Baada ya wiki moja ya mawe na mizigo, inama uutazame. Ukiwa umenyooka, nati haijasogea. Ukiwa umekatika, acha spana chini kwanza, urudi kutafuta upenyo.