Redio Nayo Yahitaji Masikio

Tuseme vijana sita wa parokia moja ya Bunia wamepewa nusu saa kila juma katika redio ya mji, wawafundishe watu kujikinga na magonjwa. Je, waanzie wapi? Wengi wetu tungeanza na kalamu. Tungeandika maneno mazuri, tungemtafuta mwenye sauti ya kupendeza, tungetia wimbo mwanzoni na mwishoni, basi, kazi imekwisha! Lakini kipindi cha namna hiyo ni kama kanzu iliyoshonwa pasipo kumpima atakayeivaa.

Kuna utafiti wa namna mbili unaoitangulia kalamu. Mmoja ni wa maktabani, yaani kusoma yaliyokwisha kukusanywa na wengine. Wataalamu huuita utafiti wa upili. Mwingine ni wa nyanjani, yaani kwenda mwenyewe kwa watu, kuwauliza na kuwatazama. Huo huitwa utafiti wa msingi. Anayeshika mmoja na kuuacha mwingine hukosea njia, nasi mfano wake twaujua kwa machozi.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imezuka Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa haukukawia kuingia Ituri. Ulipotangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wameugua watu 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Matangazo hayakukosekana. Hata hivyo ziko familia zilizowaficha wagonjwa wao, na waliokuja kuzika walipigwa mawe.

Mwezi wa Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mtu mmoja katika kila wanne hakusadiki kwamba Ebola ipo. Waliowategemea wakubwa wa mahali pao hawakufika hata theluthi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2019, na kijana wa Bunia azisomaye apata faida kubwa hata kabla ya kutoka nyumbani: atambua kwamba kupaza sauti zaidi hakutafaa kitu, na kwamba tangazo zuri likisomwa na mkubwa asiyeaminiwa huenda likaongeza mashaka.

Lakini na aangalie. Beni si Bunia. Kule Wanande ndio wengi. Kwetu Ituri wako Wahema, Walendu, Waalur, Wabira, Walugbara na wengine, na vita vya mwaka 1999 hadi 2003 viliwaachia watu majeraha ambayo mgeni hayaoni. Tena hesabu ya watu yatuambia ni wangapi wasiosadiki. Haituambii kwa nini.

Sababu yenyewe ilipatikana milangoni. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita katika mitaa, wakaandika maswali, malalamiko na uvumi kama walivyousikia. Wakasikia habari ya mfuko wa maiti: ukiisha kufungwa, nani ajuaye kama ndani mna ndugu yetu au mna mawe? Kwetu sisi, kumzika mtu pasipo kuuona uso wake ni sawa na kutomzika. Basi ikaletwa mifuko ionyeshayo aliyemo ndani. Vivyo hivyo shirika la ALIMA lilitumia huko Beni vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, hata mama akaweza kumwona mwanawe akitibiwa. Maneno ya redio yalipata nguvu pale mambo yenyewe yalipobadilika.

Sasa vijana wetu sita na watoke, waende sokoni, wapite Mudzipela na Nyakasanza, wakae na waendesha pikipiki kivulini. Wasiulize, "Je, unamwamini daktari?" Mtu mwenye adabu atajibu ndiyo, kisha atakwenda zake. Afadhali waulize, "Watu husemaje juu ya ugonjwa huu?" Hapo ulimi hufunguka, kwa kuwa asemaye hasemi habari zake mwenyewe. Waulize pia mambo madogo: redio ya nyumbani hushikwa na nani? Betri hununuliwa na nani? Mama hupata nafasi saa ngapi? Sisi tumekwisha kusikia kipindi cha akina mama wakulima kikitangazwa saa nne asubuhi, nao wote wako shambani! Majina ya waliowajibu wasiyataje redioni bila ruhusa.

Tena iko shida ya lugha. Kiswahili hiki tunachoandika hapa sicho kinachosemwa sokoni Bunia, na neno lililo safi katika kitabu laweza kuwa giza masikioni. Kwa hiyo kipindi kikiisha kurekodiwa, kisipelekwe redioni upesi. Wapigiwe watu watano kwanza: fundi, mwanafunzi, mchuuzi, baba wa familia, na mama mzee asiyejua kusoma. Kila mmoja asimulie kwa maneno yake alichosikia. Mama mzee akisimulia vingine, kosa si lake. Vijana na warudi mezani, waandike upya.