Kivuli kimoja, maana chungu nzima

Mpenzi msomaji, je, mwanao amewahi kuandika katika insha yake ya Kiingereza kwamba alipumzika chini ya 'shadow' ya mwembe, naye mwalimu akapitisha kalamu nyekundu juu ya neno hilo? Kwa Kiingereza cha leo, mwalimu hakukosea. Mahali pa kujikinga jua huitwa 'shade', nalo umbo jeusi linalomfuata mtu ardhini ni 'shadow'. Hata hivyo, kabla hujajiunga na wanaomcheka mtoto huyo, ni vyema ujue kamusi za zamani zilisema nini.

Kinachomkosesha mtoto ni wazi. Katika Kiswahili twasema kivuli kwa yote mawili. Twapumzika kivulini, na kivuli chetu kinatufuata njiani.

La kustaajabisha ni kuwa Waingereza wenyewe hapo kale walikuwa na neno moja tu. Zaidi ya miaka 900 iliyopita, neno lao lilikuwa 'sceadu', nalo lilibadilika umbo kulingana na kazi yake katika sentensi. Umbo moja likazaa 'shade', jingine likazaa 'shadow'. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja.

Aidha, ndugu hao hawakugawana urithi haraka. Mnamo Aprili 1755, Samuel Johnson alichapisha huko London kamusi yake mashuhuri baada ya jasho la miaka kama tisa. Chini ya 'shade' alitaja giza, ubaridi wa mahali pasipofika jua, ulinzi, rangi, na hata roho ya marehemu ambayo watu wa kale waliamini yaweza kuonekana lakini haishikiki. Alitaja pia lile umbo linalotupwa ardhini, ambalo leo ni 'shadow'. Naye 'shadow' akampa, miongoni mwa maana nyingine, kazi ya kumkinga mtu na mwanga na joto. Kwa hivyo, lau mwanao angaliandika insha yake mwaka huo, Johnson mwenyewe angalimtetea!

Hebu sasa tazama mwavuli. Neno letu limebeba mzizi ule ule wa kivuli, ingawa wengi wetu tunaukumbuka mwavuli mvua inapotishia. Kwa Kiingereza ni vivyo hivyo: 'umbrella' linatokana na neno la Kilatini 'umbra', yaani kivuli. Johnson alieleza kuwa katika nchi za joto chombo hicho huzuia jua, na kwingineko huzuia mvua. Wakati huo mwanamume wa London aliyebeba mwavuli alionekana kituko. Jonas Hanway, aliyefariki mwaka wa 1786, alidhihakiwa kwa kuutumia hadharani. Miongoni mwa waliomchukia ni wenye magari ya farasi, kwani mtu asiyelowa hana haja ya kukodi gari.

Kutokana na 'umbra' hiyo hiyo lilizaliwa neno 'umbrage'. Mwanzoni lilikuwa kivuli cha miti. Kisha likawa shaka, maana gizani mtu haoni vizuri na huhofia asichokiona. Mwisho likawa chuki ya mtu aliyehisi kudharauliwa. Johnson aliorodhesha kivuli na chuki chini ya neno hilo moja. Leo maana ya miti imesahaulika karibu kabisa, ikabaki ile ya kununa.

Pengine, mzazi, umewahi kumsikia kijana wako akilalamika kwamba mwenzake 'amemtupia shade', ukadhani ni lugha ya mtaani isiyo na kichwa wala miguu. Msemo huo, wenye maana ya kumdharau mtu kwa fumbo, ulivuma kutoka kwa jamii ya Weusi na Walatino wa New York waliokuwa wakishindana kwa mitindo na mavazi, nao ulielezwa katika filamu ya Paris Is Burning ya mwaka wa 1990. Mwaka wa 2017 kamusi ya Merriam-Webster iliuingiza rasmi. Ukiutazama vizuri, ni safari ile ile ya 'umbrage': kivuli kimegeuka tena kuwa kinyongo.

Wahenga wetu nao walikijua kivuli chenye uchungu. Walisema, kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Mvumo ni mrefu. Aliyesimama shinani huunguzwa na jua ilhali mgeni wa mbali anaburudika. Ni malalamiko ya jamaa walionyimwa na ndugu yao mwenye uwezo.

Basi, mpenzi msomaji, mwanao akirudi na alama nyekundu kwenye insha, usimwambie kwamba Kiswahili kinamharibia Kiingereza. Mwelekeze kwamba katika mtihani aandike 'shade' anapopumzika chini ya mti, kwa kuwa hayo ndiyo matumizi ya leo. Kisha mweleze kwamba alichoandika kiliwahi kuwa sahihi, na kwamba kamusi huandika lugha jinsi watu wanavyoizungumza wakati huo. Mtoto aliyeelezwa hivyo hataona haya kuuliza neno jingine kesho.