Lori Halitengenezi Baridi

Swali ninaloulizwa zaidi na kina mama wenzangu hapa Johannesburg si la viza wala la ada za shule. Ni hili: "Dada, nina maboksi manne tu ya sambusa. Nani atanifikishia Durban zikiwa bado zimeganda?" Anayeuliza huwa ameshapiga simu kampuni mbili tatu na kuambiwa kwamba lori zima la baridi halikodishwi kwa maboksi manne. Basi la abiria lingekubali, lakini kwenye buti la basi, mchana wa Desemba, sambusa zingefika zikiwa uji.

Ninaishi Newtown, mwendo mfupi kutoka daraja la Nelson Mandela. Kwa miaka saba sasa ninaratibu mizigo ya baridi ya kikundi cha kina mama tisa. Wapo Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Bukavu na Uvira, na dada mmoja Msomali aliyekulia Eastleigh. Wanapikia Yeoville, Mayfair na Fordsburg: sambusa, katlesi, chapati za kugandisha, kisamvu kilichotwangwa, ambacho Wakongo wetu wanakiita sombe. Wateja wao ni familia na wanafunzi wa Durban, Bloemfontein na Cape Town. Kwa wengine pesa hiyo ndiyo kodi ya nyumba. Mzigo mmoja ukiharibika, mwezi mzima umeharibika.

Mtaa wetu wenyewe umezoea shughuli za chakula. Lile jengo refu lenye Market Theatre na makumbusho ya Museum Africa lilikuwa soko la matunda na mboga la jiji, lililokamilika mwaka 1913. Soko lilihamia City Deep, kusini mwa jiji, mwaka 1974, na miaka miwili baadaye jumba la maonyesho likafunguliwa humo. Hata jengo la maduka la Newtown Junction, lililofunguliwa 2014, limejengwa palipokuwa na mabanda ya viazi kando ya reli. Enzi zile chakula kilishushwa kwenye behewa na kuuzwa kabla jua halijakuwa kali. Siku hizi kinalala safarini mamia ya kilomita, na kinachokilinda ni baridi peke yake.

Mzigo mdogo husafiri vipi

Zipo kampuni zinazokusanya mizigo midogo ya watu mbalimbali. Gari dogo la baridi hupita kwa kila mteja, au mteja hupeleka mwenyewe mpaka kwenye ghala lao lenye vyumba vya baridi. Pale mizigo hupangwa kufuata njia: wa Durban huku, wa Cape Town kule. Jioni lori kubwa huondoka. Durban ni kama kilomita 570 kwa barabara ya N3, kwa hiyo mzigo hufika asubuhi. Cape Town ni kama kilomita 1,400 kwa N1, na hapo hesabu siku mbili, tatu ukiongeza muda wa ghalani.

Malipo huwa kwa kilo au kwa paleti, na karibu kila kampuni ina kiwango cha chini: hata ukileta boksi moja, unalipia kiwango hicho. Ndiyo sababu sisi tisa tunajaza paleti moja. Kila mama anaandika jina lake kwenye maboksi yake, tunagawana gharama kwa uzito, na wa Durban anayepokea anapewa orodha. Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye lori la baridi methali hiyo ina faida ya pili: maboksi yaliyoganda yakishikana vizuri hutunzana baridi kuliko boksi moja lililokaa peke yake.

Mashine ya lori inafanya nini hasa

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Wanaona ile mashine inayonguruma mbele ya kontena, wanafikiri ni friza kubwa. Siyo. Kazi yake ni kupuliza hewa ya baridi izunguke mzigo na kuondoa joto linalopenya kwenye kuta, sakafu na milango. Haikutengenezwa kugandisha kitu kilichoingia kikiwa laini. Lori halitengenezi baridi ya sambusa zako. Linatunza ile uliyoleta.

Ukipakia maboksi yaliyoganda nje tu huku katikati bado ni laini, hayatamalizia kuganda njiani. Yatakaa hivyo hivyo usiku kucha, na yatawapasha joto majirani zao. Kwa hiyo sheria yetu ya kwanza ni ya jikoni: chakula kikipikwa kinapozwa haraka, kinatandazwa kwenye trei bila kurundikwa, kinaganda kabisa, ndipo kinaingia kwenye boksi. Halafu tunatoboa boksi la katikati kwa kipimajoto chenye sindano. Kisiposoma nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi ya hapo, boksi halitoki nyumbani.

Wakati wa mgao mkali wa umeme wa 2022 na 2023 kipimo hiki ndicho kilichotuokoa. Friza ya nyumbani ikikatikiwa umeme saa nne, kisha ukarudi, ukafungua mlango mara tatu kuangalia, chakula kinaonekana kigumu kwa macho. Sindano haidanganyiki.

Upakiaji nao una adabu yake. Maboksi yasigusane na kuta, yasizibe njia za hewa sakafuni, wala yasipite mstari uliochorwa juu ndani ya kontena. Hewa ikikosa pa kupita, kona moja itakuwa barafu na nyingine itakuwa vuguvugu, na kile kipimo cha mbele kwa dereva kitaendelea kuonyesha namba nzuri.

Baridi si moja

Mwenye mzigo mdogo husafiri na wenzake, kwa hiyo lazima aulize wenzake ni nani. Vyakula vilivyogandishwa vinataka nyuzi 18 chini ya sifuri. Maziwa, nyama mbichi na samaki wabichi wanataka karibu na sifuri, visizidi nne. Ndizi zinataka kama 13; ukizishusha chini ya hapo ganda linakuwa jeusi na haziivi vizuri tena. Maembe na nyanya nazo haziipendi baridi kali.

Malori mengine yana kuta za ndani zinazogawa vyumba viwili au vitatu, kila chumba na joto lake. Mengine hayana. Kama halina, mtu mmoja kati yenu atapata baridi isiyo yake. Kuna pia suala la harufu: siagi na maziwa hunyonya harufu ya samaki. Na matunda yanayoiva hutoa hewa inayoivisha mboga na matunda ya jirani. Muulize msafirishaji waziwazi: "Mzigo wangu unakaa na nini?"

Mali bila daftari

Desemba moja, siku chache kabla ya sikukuu, paleti yetu ilifika Durban ikiwa na chapati zilizoshikana na sambusa zenye barafu ya unga juu yake. Barafu ya namna hiyo mara nyingi huashiria kwamba chakula kiliyeyuka kidogo kikagandishwa tena. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilionyesha karatasi ya lori: nyuzi 18 chini ya sifuri safari nzima.

Lakini kati ya maboksi tulikuwa tumeweka kifaa kidogo cha kurekodi joto, ukubwa wa kiberiti, kinachoandika kila baada ya dakika kumi. Kilionyesha kwamba kabla lori halijaondoka, mzigo ulikaa saa tatu na nusu mahali penye nyuzi 24. Haikuwa barabarani. Ilikuwa kwenye sakafu ya kupakilia, ghalani. Kampuni ilikubali, ikarudisha nauli. Thamani ya chakula haikulipwa, kwa sababu mikataba mingi ya usafirishaji hapa husema mzigo unasafiri kwa hasara ya mwenyewe. Sasa tunalipia bima ndogo ya mzigo, na tunaandika saa ya kukabidhi, joto la wakati huo na jina la aliyepokea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye mzigo wa baridi, daftari ni hicho kifaa.

Tulitupa chakula chote. Kuna mama alilia, na nilimwelewa. Lakini nchi hii inajua gharama ya kupuuza. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa ugonjwa wa listeria: watu zaidi ya 1,000 waliugua na zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo watoto wachanga wengi. Machi 2018 serikali ilitangaza kwamba chanzo ni nyama iliyosindikwa ya kiwanda kimoja huko Polokwane. Bakteria huyo ana tabia mbaya: anaweza kuendelea kukua hata ndani ya friji. Baridi humpunguza kasi, haimuui. Usafi wa jikoni unatangulia lori.

Mwaka huohuo zilitoka kanuni mpya za usafi wa chakula, zinazogusa pia magari ya kubebea. Jiko linalouza chakula linatakiwa kuwa na cheti kutoka kwa maofisa wa afya wa manispaa. Ghala la heshima litakuomba. Kama unapikia nyumbani na una nia ya kuuza mbali, anzia hapo, kabla ya kununua friza ya pili.

Kwa mzazi na mwanafunzi

Kama si biashara, ni boksi la mtoto aliye chuoni, mambo ni mepesi zaidi. Tumia boksi nene la povu jeupe, jaza mpaka juu ili hewa isibaki, weka vifuko vya jeli vilivyoganda juu na chini, funga kwa gundi pande zote. Tuma Jumatatu au Jumanne. Usitume Ijumaa, maana boksi linaweza kulala ghalani Jumamosi na Jumapili. Mwambie mtoto awepo siku ya kupokea, si rafiki wa rafiki.

Naye akifungua, aguse. Kikiwa kigumu, kiingie friza. Kikiwa kimelainika lakini bado ni baridi kama ya friji, kipikwe na kuliwa siku hiyohiyo. Kikiwa vuguvugu, kitupwe, hata kama kilipikwa na bibi.

Dawa ni jambo jingine. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda imekwisha kazi hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Kwa hiyo isipandishwe kamwe kwenye lori la vyakula vilivyogandishwa, wala isilazwe juu ya jeli iliyotoka friza. Njia bora ni kutoituma kabisa: zungumza na mfamasia ili mtoto achukue dawa yake kwenye duka la dawa la mji anaosoma.

Na uwe na akiba ya subira. Julai 2021 malori yalichomwa moto Mooi River na N3 ikafungwa kwa siku kadhaa. Septemba 2024 theluji ilifunga barabara hiyohiyo karibu na Van Reenen, magari yakakwama usiku kucha. Mashine ya lori huendelea kufanya kazi maadamu ina dizeli, lakini dizeli nayo ina mwisho.

Kabla ya kukabidhi boksi lako la kwanza, muulize msafirishaji maswali matatu. Lori limeshapozwa kabla ya kupakia? Mzigo wangu utasubiri wapi, na kwa muda gani? Nikiweka kifaa changu cha kurekodi joto, mtakubali namba zake? Akijibu yote matatu bila kusita, mpe mzigo. Akianza kuzungukazunguka, rudisha sambusa zako friza, kisha mpigie mwingine.